Mkuyu wa Mgongoni

Miaka yote niliyokaa Penang nikimlea bibi mmoja wa Kichina, watu wa nyumba ile walikuwa na maneno yaleyale kila waliponitambulisha kwa wageni: "Huyu Kueteh anatoka Sumatra, kule kwenye orangutani." Mgeni naye hakosi kuuliza, "Umewahi kuwaona?" Nami najibu bila kupepesa, "Aa, wengi tu, wanapita nyuma ya nyumba yetu."

Uongo mtupu. Nyuma ya nyumba yetu hupita bata wa jirani na, mvua zikizidi, maji. Aliyewaona ni mdogo wangu Ukurta, maana ndiyo kazi yake, kuongoza wageni msituni. Mimi nilizaliwa palepale kijijini Lau Megara, nikagema mpira hadi nikawa mtu mzima, nikapanda meli kwenda kutafuta riziki, na mawas, hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita orangutani, sikuwahi kumwona hata mkia. Na mkia wenyewe hana.

Bibi alipofariki nikarudi nyumbani. Hata sanduku sijalifungua, nikamwambia Ukurta, "Nipeleke nikamwone mawas."

"Mbona wako pale mtoni, dada? Kesho asubuhi tunavuka tu, unawakuta wamekaa wanangoja ndizi kama watoto wa shule wanangoja uji."

"Wale siwataki. Wale walifugwa wakaachiwa. Nataka wa porini, asiyemjua mtu."

"Wa porini wako juu, Mgongoni. Huko ni kupanda na kupanda tena. Na hayo magoti yako ya Penang..."

"Magoti yangu yamembeba mgonjwa ngazini kila siku ya Mungu. Yako yamembeba nani?"

Akacheka. Mkewe Rasinta alikuwa amekaa mlangoni anachambua dagaa. Hakucheka. "Wifi, nendeni mtoni," akasema. "Mgongoni kuna nini? Mvua na ruba." Baadaye, tukila, akarudia. Na asubuhi tulipokuwa tunafunga mizigo, akasema mara nyingine, safari hii akimwambia mumewe, si mimi. Ukurta akakaza kamba ya mfuko wake. Nilidhani ni mambo yao ya chumbani, nikajitia kutafuta soksi.

Alipokuwa hai baba yetu, msitu ulianzia nyuma ya makaburi. Sasa tulitembea asubuhi nzima ndani ya michikichi ya kampuni. Mistari na mistari, miti ya kimo kimoja, chini hakuna kitu isipokuwa makuti makavu na mashimo ya panya. Ndege hakuna. Ukurta alitembea mbele, amejikunyata, kama mtu anayepita kwa watu asiopatana nao. Tulipofika mwisho wa michikichi kukawa na mtaro, ng'ambo ya mtaro ukuta wa majani. Akaruka, akanipa mkono, na hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu akinyoosha shingo.

"Karibu nyumbani kwangu," akasema. "Usishike mti kabla hujautazama. Usikae chini kabla sijakwambia. Na ukitaka kupiga kelele kwa sababu ya ruba, piga kimoyomoyo."

Nilipiga kimoyomoyo, tena sana. Soksi tulikuwa tumezilowesha maji ya tumbaku lakini ruba wa kule hawaogopi tumbaku. Mmoja nilimkuta nyuma ya sikio amenona kama zabibu. Njia yenyewe haikuwa njia. Ni mizizi ya kushika kwa mikono, tope, magogo yaliyooza ambayo ukiyakanyaga mguu unazama hadi kwenye ugoko, na henzirani zenye miiba iliyopinda inayokamata nguo na ngozi na haiachi mpaka urudi nyuma kwa adabu. Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao yakivuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Jasho lilinitoka mpaka nikaacha kulifuta. Ukurta hakuwa anahema. Alikuwa anatazama juu, anasimama, anaokota tunda lililoumwa, analinusa, ananipa nami ninuse.

"La leo," ananong'ona.

Akanionyesha viota vyao, huko juu kwenye matawi: majani yaliyokunjwa na kushindiliwa kama godoro. Kilichokuwa cha kahawia akakipita. Tukafika penye kimoja ambacho majani yake yalikuwa bado kijani kibichi, akasimama. "Huyu kaamka hapa leo."

Alasiri, tulipoufikia Mgongo wenyewe, tukasikia matunda yakidondoka. Ulikuwa mkuyu mkubwa, ule unaoanza kwa kuukumbatia mti mwingine na kuishia kuumeza. Ukurta akanishika bega, akanigeuza taratibu, akanielekeza kwa kidevu.

Kwanza niliona nywele tu, nyekundu, jua limezipenya, kama moto ulioshikwa na jani. Kisha mkono, mrefu kuliko nilivyodhani mkono unaweza kuwa. Kisha uso. Alikuwa mama. Ubavuni kwake aling'ang'ania mtoto, si mkubwa kuliko paka, nywele zimesimama wima kichwani kana kwamba ameambiwa habari ya kutisha, weupe umezunguka macho. Mtoto alichuma tini, akaliuma, akalitema, akachuma jingine.

Mama alituona. Akafumba midomo akatoa sauti kama busu kali, moja, nyingine, nyingine. Akavunja tawi akalitupa chini, likaanguka hatua chache kutoka tulipo.

"Anatufukuza," Ukurta akanong'ona.

"Ana haki."

"Huyu namjua tangu hajazaa. Sijamleta mgeni hapa hata mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Haitwi. Wale wa mtoni ndio wenye majina. Ukimpa jina, kesho utamletea watu."

Nilikaa nikamtazama mpaka shingo ikauma. Simu nilikuwa nayo mfukoni, picha sikupiga hata moja. Jioni alimtia mtoto kifuani, akavuka kwa matawi hadi mti mmoja mrefu ulionyooka, upande wa pili wa bonde dogo, akaanza kuvunja matawi na kuyakunja. Alipomaliza akajilaza, mkono mmoja ukabaki unaning'inia nje, kisha nao akauingiza ndani.

Sisi tukashuka kijitoni, tukatandaza turubai, tukala wali na dagaa wa pilipili. Nilikuwa na furaha ya kijinga, najisemea moyoni kwamba sasa nimeshawalipa wale wageni wote wa Penang.

Kulipopambazuka, Ukurta alikuwa amechuchumaa motoni anachemsha kahawa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Ndipo chenso, msumeno wa injini, ilipowaka.

Ilikuwa karibu sana. Nilimwona Ukurta akiiweka sufuria chini pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ni nani hao?" nikauliza.

"Watu."

"Watu gani, Ukurta?"

"Kunywa kahawa yako, dada, tushuke."

"Wewe ulijua kuna watu huku?"

"Nilijua wako ng'ambo kule, mbali. Sikujua wamefika hapa." Akaangalia upande wa bonde, na nikaona uso wake unabadilika. "Ule mti aliolala," akasema. "Dada, ule mti ni mbao."

Chenso ikanyamaza. Ukasikika mpasuko, kisha ule mlio mrefu wa mti mkubwa unaposhuka na jamaa zake wote, kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yetu. Baada ya hapo kikatoka kilio ambacho sijui nikifananishe na nini. Halafu kilio kingine, na hicho nilikijua, kilikuwa cha mwanamume.

Ukurta akachukua mfuko wake wa dawa akakimbia. Nikamfuata nikianguka na kuinuka.

Mahali pale palikuwa peupe, mbingu imefunguka ghafla, vumbi la majani bado linaelea. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja, fundi wa chenso, alikuwa amekaa kwenye kisiki ameshika kichwa. Mmoja alikuwa chini anajiviringisha, amebana mkono wake wa kulia kwapani, damu imemlowesha hadi kiunoni. Huyo nilimjua, ni Ngapuli, kijana wa kijijini kwetu aliyeoa Pasaka ile. Wa tatu alikuwa amesimama na gongo mkononi, na gongo lilikuwa na nywele nyekundu.

Wa tatu alikuwa Tuahta, kaka yake Rasinta.

Mawas alikuwa amelala kati ya matawi ya mti alioanguka nao. Kiuno kilikuwa kimepinda mahali ambapo kiuno hakipindi. Kichwa sikukitazama zaidi ya mara moja. Pembeni palikuwa na gunia la mchele lililofungwa kwa nailoni, na gunia lilikuwa linatikisika na kulia.

Lazima niseme hapa jinsi mambo yalivyo kwetu, maana bila hilo mtu atamwona mdogo wangu kuwa mwoga. Kwetu, upande uliokupa mke ndio uliokupa uhai. Hupandishi sauti mbele yao. Wakija kwako hukai juu wao wakakaa chini. Baba yangu, mtu aliyewahi kumvunja jirani jino kwa ajili ya kuku, nilimwona akitukanwa na kaka wa mama yangu mbele ya kanisa, ameinamisha kichwa, anasema ndiyo. Na huyu Tuahta hakuwa mtu wa kutukana ovyo. Ndiye aliyeimba besi katika kwaya yetu, ndiye aliyepaua nyumba ya Ukurta kwa mikono yake bila kudai hata sigara.

"Ukurta!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona msaada. "Mungu ni mwema. Mtazame huyu kijana, vidole vyake."

Ukurta alikuwa tayari amepiga magoti kwa Ngapuli. Vidole vitatu vilikuwa vinashikiliwa na ngozi tu. "Amemng'ata?"

"Tulidhani amekufa. Ngapuli akaenda kumtoa mtoto kifuani."

"Shemeji, mmefanya nini?" nikasema mimi.

Tuahta akanigeukia, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Aa, mgeni wa Penang. Umekuja kutalii? Tumekata mti, shemeji. Mti ulikuwa na mwenyewe juu, hakutuambia."

"Mlimwona."

"Ukungu huu, nani amwone nani?"

"Tulimwona," akasema fundi wa chenso pale kwenye kisiki, bila kuinua kichwa. "Nilisema tungoje ashuke. Nilisema."

"Wewe nyamaza."

Nikaenda penye gunia. Tuahta akatangulia akasimama mbele yake. Hakunigusa.

"Nipe huyo mtoto," nikasema.

"Huyo ana mwenyewe. Yuko mjini Medan, anamngoja."

"Mwenyewe amelala pale."

Hapo tabasamu likamtoka. "Ukurta," akaita. "Mwambie dada yako."

Mdogo wangu alikuwa anazungusha bendeji. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Hakuinua uso. "Dada," akasema, "acha."

Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Ukurta kwa muda ule, na ilikuwa haki yangu na haikuwa haki yake kuchukiwa.

Basi nikakaa. Nikakaa chini kwenye tope kando ya gunia, nikaweka mkono juu yake. Ndani yake kitu kikashika vidole vyangu kupitia kitambaa. Kilio hakikukoma. Kilikuwa kinapanda, kinakatika, kinapanda tena, na mahali pale peupe hapakuwa na majani ya kukizuia. Tuahta akawasha sigara ya karafuu, akaitupa kabla haijafika nusu.

Aliyeamua ni Ngapuli. "Kitoeni," akasema. Wa kwanza kusikia alikuwa Ukurta. "Kitoeni hicho. Kinanililia mimi. Kaka Tuahta, kwa ajili ya Mungu, kitoe, kinanililia mimi." Akarudia mpaka sauti ikamkauka, anatikisa kichwa huku na huku kwenye majani, na hatukuweza kumtuliza.

Tuahta akalipiga gunia teke dogo kuelekea kwangu. "Chukua. Ukifika chini nitakuja kumchukua, kama atafika."

Nilikata nailoni kwa panga la Ukurta. Mtoto hakunikimbia. Alinipanda kifuani kama ngazi, akashika nguo pamoja na nyama iliyo chini ya nguo, akaficha uso shingoni kwangu, akanyamaza ghafla. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba. Nikamfunga kwa saruni yangu kama mbeleko, lakini saruni haikuwa na kazi, yeye mwenyewe alikuwa amejifunga.

Walikata miti miwili, wakatengeneza machela kwa turubai letu, wakambeba Ngapuli. Ukurta na Tuahta mbele na nyuma, fundi wa chenso akipokezana nao. Mama mawas tulimwacha palepale. Ukurta alipopita karibu yake alisimama kidogo, na Tuahta, aliyekuwa nyuma ya machela, akangoja.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Mvua ilianza mapema, mvua ile ya Mgongoni isiyo na matone, ni maji yanayomwagwa tu. Wanaume waliteleza na machela, Ngapuli akipiga ukelele kila walipoteleza, mwishoni hakupiga tena. Nilikuwa nachovya kidole katika maji ya sukari namtia mtoto mdomoni. Mara mbili alinyonya. Alinitazama. Watu husema macho yao ni kama ya mtu, mimi sijui. Alinitazama kama anayetaka kujua ninampeleka wapi, na mimi niliendelea kutembea.

Tulipofika, ule mto ambao jana tuliuvuka maji yakiwa magotini ulikuwa umefura. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita ndani yake. Tukakaa chini ya jabali kungoja yapungue. Ngapuli alikuwa na homa, anazungumza na mkewe ambaye hakuwepo, anamwambia afunge kuku. Tuahta alivua shati lake, lililokuwa limebaki tambara, akamfunika.

Sijui mtoto alikufa saa ngapi. Nilijua tu kwamba shingo yangu, mahali alipokuwa anapumulia, imekuwa baridi. Nikamwita Ukurta. Mikono ya mtoto haikuwa imelegea. Ilibidi mdogo wangu aifungue kidole kimoja kimoja, kwa subira, kama anavyowatoa wageni kwenye miiba ya henzirani, na alipomaliza nilikuwa na alama nyekundu kifuani pande zote mbili.

"Nilikwambia," Tuahta akasema. Lakini hakulisema kama mtu aliyeshinda.

Nilimfukia juu ya ukingo, mahali pa mchanga, nikaweka mawe. Fundi wa chenso akaja akaniletea mawe mawili makubwa, akarudi kukaa.

Maji yalipungua kidogo tu, na Ngapuli hakuwa mtu wa kungojea zaidi. Tuahta akasema, "Mfungeni mgongoni kwangu." Ukurta akasema maji bado ni mengi. "Mfungeni." Walimfunga kwa kamba na saruni yangu ileile. Akaingia mtoni na mzigo wa mtu mzima mgongoni, Ukurta ubavuni, upande maji yanakotoka, akimkinga na magogo. Katikati maji yalifika kidevuni. Nilimwona Tuahta akizama, mara moja, kichwa chote, na mkono mmoja tu nje ukiwa umeshika mguu wa Ngapuli usipelekwe. Akaibuka. Akavuka. Ng'ambo alitapika maji, akacheka, akamwambia Ngapuli ambaye hakuwa anasikia, "Mkeo nitamdai shati, wewe."

Hilo nalisema kwa sababu niliyemshtaki ni mtu huyohuyo.

Hospitali walimkata Ngapuli vidole vitatu. Kijijini ikasemwa kwamba chenso ndiyo iliyomkata, na kila mtu akakubali, hata waliojua. Jumapili Tuahta alikuja kwetu na kuku, akakaa pale juu panapomstahili, akala, akawarusha watoto wa Ukurta hewani. Rasinta alikuwa ananitazama akimpakulia. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, Tuahta akamwambia Ukurta, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wiki ijayo tunapanda tena. Nimepata kijana mwingine wa mahali pa Ngapuli. Na kama ukiwaona wengine wenye watoto, wewe unajua viota vyao, utanionyesha."

"Ndiyo, shemeji," Ukurta akasema.

Alipoondoka nikamfuata Ukurta kisimani.

"Utamwonyesha?"

"Sitamwonyesha."

"Umesema ndiyo."

"Ungetaka niseme nini, dada? Wewe ulikuwa Penang. Mimi ndiye ninayeishi hapa."

"Kesho nakwenda kwa askari wa msitu."

Aliteka ndoo, akaiweka, akaitazama. "Ukienda, umeivunja nyumba yangu."

"Na nisipokwenda?"

"Nisikudanganye. Nyumba yangu itakuwepo." Akainua ndoo. "Mengine hayatakuwepo. Lakini nyumba itakuwepo."

Hakusema niende wala nisiende. Nimelifikiria sana hilo tangu hapo, na sitaki kumtwika jibu ambalo hakulitoa.

Nilikwenda. Kituoni nilimkuta askari mmoja anakula tambi. Nilimweleza yote, mahali, siku watakayopanda, mtu wa Medan. Akaacha kula. "Huyo Tuahta ni nani yako?" akauliza.

"Ni kaka wa mke wa mdogo wangu."

Alikuwa Mkaro kama mimi, mtu wa kabila letu anayejua heshima ya upande uliotoa mke. "Mama," akasema, "umelifikiria hili vizuri?" Nikasema nimelifikiria. Nikarudi, nikamwambia Ukurta, nikamwambia na Rasinta, uso kwa uso, maana sikutaka wasikie barabarani. Siku hiyohiyo Rasinta angeweza kumwonya kaka yake, na labda alimwonya. Labda Tuahta hakuamini kwamba mtu wa upande wetu anaweza kufanya jambo kama hilo.

Walimkamata akiwa na mbao, na katika kibanda chao wakakuta mafuvu ya mawas. Fundi wa chenso ndiye aliyesema kila kitu mahakamani, akilia. Mtu wa Medan hakutajwa. Tuahta hakumtaja, na wengine hawakuwa wanalijua jina lake.

Mama yao Rasinta na Tuahta alikuja akakaa chini mbele ya nyumba yetu akaomboleza kama waombolezavyo wafu, kwa nyimbo, akimtaja mwanawe, mchana kutwa, na majirani wakaja wakakaa naye. Rasinta alifunga nguo zake na za watoto. Cherehani ilikuwa nzito, Ukurta akaibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akaiweka vizuri isije ikagonga. Rasinta akanijia.

"Nilikwambia mwende mtoni, wifi."

"Ulijua yuko huko juu."

"Nilijua kaka yangu yuko kazini," akasema. "Wewe ulijua nini?" Akapanda.

Watoto walitupungia mikono kama wanaokwenda sokoni.

Kanisani benchi letu likawa letu peke yetu. Ukurta aliendelea kupeleka wageni, lakini kwa wale wa mtoni tu, wenye majina. Nyumbani tulikula yeye upande wake mimi upande wangu. Kila Jumamosi alipika wali na samaki wa kukaanga, akafunga kwa jani la mgomba, akapanda basi kwenda gerezani, kama inavyompasa mtu kwa watu waliompa mke, hata mke mwenyewe akiwa ameondoka. Nasikia Tuahta alikuwa anachukua chakula na kula amempa mgongo.

Mwezi wa pili hivi wa kifungo cha Tuahta, nikiwa nakusanya nguo kurudi Penang ambako wamenipatia mgonjwa mwingine, Ukurta akasimama mlangoni pangu na kikapu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu yasiyohusu maji au kuni.

"Leo utabeba wewe."

Kwenye basi nilimuuliza kama amepata kupanda tena Mgongoni. Akasema amepanda mara moja. "Wamekuja wengine. Sijui wa wapi. Mkuyu haukukatwa, hauna mbao, ila miti iliyoushikilia imeondolewa, upepo ukauangusha." Akatazama dirishani, na nje kulikuwa na michikichi mpaka tulipoingia mjini.

Tuahta alikuwa amekonda. Aliponiona nyuma ya Ukurta alisimama, nikadhani atarudi ndani. Hakurudi. Alikaa upande wake wa meza, Ukurta akamsogezea jani kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Tuahta alilifungua, akala kidogo, safari hii ametuelekea. Hakunitazama.

"Mkono wa Ngapuli vipi?" akauliza.

Ukurta akangoja mimi nijibu.

"Umepona," nikasema. "Amebakiwa na viwili. Anajifunza kugema kwa kushoto."

"Anaweza?"

"Anaharibu magome. Lakini anaweza."

Tuahta akatikisa kichwa, akatafuna, akatoa mwiba mdomoni akauweka pembeni mwa jani. Tulikaa hivyo, watatu, mpaka askari alipopiga meza kwa kirungu kusema muda umekwisha.